Mwalimu mgeni akiondoka Mandera

Mwalimu Salah Farah alifariki katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, Nairobi, Januari 2016. Alikuwa naibu wa mwalimu mkuu katika shule ya msingi huko Mandera, Mwislamu, na karibu mwezi mzima alikuwa akiuguza jeraha la risasi. Alilipata tarehe 21 Desemba 2015, wapiganaji wa Al-Shabaab waliposimamisha basi lililotoka Nairobi kwenda Mandera, karibu na El Wak, wakaamuru Waislamu wajitenge na wasio Waislamu. Abiria walikuwa zaidi ya 60. Walikataa kujitenga. Wanawake wa Kiislamu waliwapa wenzao Wakristo hijabu wajisitiri nazo, na abiria wakawaambia wenye bunduki wawaue wote au wawaache wote. Watu wawili waliuawa siku hiyo. Wengine walinusurika.

Akiwa kitandani hospitalini, Mwalimu Farah aliwaambia wanahabari kwamba Wakenya ni ndugu, dini tu ndiyo inayowatofautisha, na akawaomba Waislamu wenzake wawalinde Wakristo ili nao wawalinde. Alipofariki, mwili wake ulisafirishwa kwa ndege hadi Mandera, na Machi 2016 Rais Uhuru Kenyatta akamtunuku nishani ya OGW katika hotuba yake kwa taifa. Mwaka 2017 kisa cha basi hilo kikatengenezewa filamu fupi, Watu Wote, iliyoongozwa na Mjerumani Katja Benrath, na mwaka uliofuata ikawa miongoni mwa filamu zilizoteuliwa kuwania tuzo ya Oscar.

Heshima hizo zote zilimstahili. Hata hivyo, kila ninapokisoma kisa hiki huwa najiuliza swali ambalo nishani na filamu hazilijibu. Watu waliokuwa ndani ya basi lile walijuaje la kufanya? Hawakuwa na muda wa kushauriana. Hapakuwa na kiongozi wa dini wa kuwatolea fatwa wala ofisa wa serikali wa kuwapa maagizo. Nikilifikiria tendo lenyewe kwa makini, naona ni tendo linalotaka mazoea. Kwa mwanamke aliyejisitiri tangu utotoni, kutoa vazi la kichwani mbele ya wanaume asiowajua ni jambo zito. Na anayepokea hajui hata namna ya kulivaa. Lazima mwenzake amshike kichwa, amzungushie kitambaa shingoni, amsukumie nywele ndani, ambanie chini ya kidevu, huku nje ya dirisha watu wenye bunduki wakipiga kelele. Mtu hamfanyii hivyo mtu ambaye katika maisha yake yote alimjua kwa jina la "wale" tu.

Tena walijua vizuri kitakachowapata wakishindwa. Mwaka mmoja uliotangulia, tarehe 22 Novemba 2014, basi jingine lilitekwa karibu na Mandera, safari hiyo likielekea Nairobi. Abiria walitengwa kwa dini, wakapimwa kwa kutamka shahada, na watu 28 wakauawa. Wengi wao walikuwa walimu waliofunga shule na kuanza safari ya likizo ya Desemba. Siku kumi baadaye wachimba mawe 36 wakauawa katika timbo la Koromey, Mandera. Na tarehe 2 Aprili 2015 ikawa zamu ya Chuo Kikuu cha Garissa, watu 148, wengi wao wanafunzi waliokuwa bado vitandani au katika sala ya alfajiri ya Kikristo.

Ninavyoona mimi, jibu la swali langu liko shuleni. Kwa miaka mingi mtoto wa Mandera, Wajir au Garissa alikutana na Mkristo wa kwanza maishani mwake akiwa ameshika chaki. Mwalimu huyo alitoka Kitui, Kisii, Bungoma au Nyeri. Alipanga chumba kwa mama wa mtaani, alinunua mkate dukani kwa baba yake mwanafunzi, aliugua malaria akauguzwa na majirani wasiozungumza lugha yake. Mwanafunzi naye alijifunza kwake hesabu na Kiswahili, na pembeni ya hayo akajifunza jambo ambalo halimo katika mtaala wowote: kwamba mtu asiyeswali kama babake anaweza kumkalisha saa za ziada jioni, bila malipo, kwa sababu hajaelewa hesabu za sehemu.

Mwalimu mmoja niliyezungumza naye, mtu wa Kitui aliyefundisha Wajir kwa miaka kadhaa, alinisimulia Ramadhani yake ya kwanza huko. Alikuwa akijificha chumbani kula chakula cha mchana, akiogopa kuwakwaza wenyeji. Mzee mmoja wa bodi ya shule alipojua, akamwita kando na kumwambia, "Mwalimu, wewe kula. Sisi ndio tumefunga." Tangu siku hiyo, adhana ya magharibi ikilia, mtoto alibisha mlango wake na chupa ya maziwa ya ngamia na sambusa zilizofungwa kwenye karatasi. Mwaka wa pili akaanza kufunga Ijumaa pamoja na wanafunzi wake, kwa hiari yake, naye ni mzee wa kanisa kwao.

Mwalimu huyo aliondoka. Januari 2015 alikuwa mmoja wa mamia ya walimu waliopiga kambi nje ya makao makuu ya Tume ya Huduma za Walimu, TSC, mtaani Upper Hill, wakidai wahamishiwe kwingine. Mmoja wa marafiki zake alikuwa ndani ya basi la Novemba. Alipohamishwa aliacha darasa la wanafunzi katikati ya muhula, na aliniambia kwamba simu ya mwisho aliyopokea kutoka kwao ilikuwa ya msichana aliyetaka kujua kama ile aljebra ambayo hawakuimaliza ingetokea kwenye mtihani. Alimjibu kwamba ingetokea, akamfundisha kwa simu hadi salio likaisha.

Simlaumu hata kidogo, wala sitaki msomaji amlaumu. Mwajiri aliyemwambia mwalimu mwenye watoto wawili arudi mahali ambapo wenzake wameuawa, bila kumwonyesha kilichobadilika, alikuwa akimdai damu. Na mauaji hayakukoma. Februari 2018 walimu wawili waliuawa Qarsa, Wajir. Oktoba mwaka huohuo wengine wawili wakauawa katika shule ya upili ya wavulana ya Arabia, Mandera. Januari 2020 watatu wakauawa Kamuthe, Garissa, na TSC ikawaondoa walimu wasio wenyeji katika kaunti hizo tatu. Shule nyingi zikabaki na mwalimu mmoja au wawili. Yuko mwalimu mwenyeji anayepaswa kutajwa hapa, kwa sababu huwa hatajwi: yule aliyebaki, akagawa ubao mara mbili kwa mstari wa chaki, upande huu darasa la sita na upande ule la saba, akafundisha huku akikimbia kuwatuliza wa darasa la nne. Huyo hakupata nishani.

Hasara ya masomo kila mtu anaiona. Matokeo ya mitihani yakitangazwa, tunaangalia orodha na kusema Kaskazini Mashariki imebaki nyuma tena. Iko hasara nyingine ambayo haionekani kwenye orodha, nayo ndiyo inayonitia hofu zaidi. Mtoto aliyezaliwa Mandera mwaka 2012 huenda amemaliza shule ya msingi bila kufundishwa hata siku moja na mtu wa dini nyingine. Anawajua Wakristo kwa habari za redioni na kwa askari kwenye kizuizi cha barabarani. Na hivyo ndivyo hasa walioua walimu walivyokusudia. Walichagua walimu kwa makusudi. Mwalimu mgeni ni ushahidi unaotembea kila siku dhidi ya madai yao kwamba watu wa dini mbili hawawezi kuishi pamoja. Kila shule inayobaki bila mwalimu huyo ni hatua moja kuelekea ramani wanayoitaka wao.

Watasema wengine kwamba naipa elimu sifa isiyo yake. Wana hoja, na ni hoja nzito. Mmoja wa washambulizi wa Chuo Kikuu cha Garissa alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, kijana wa Mandera, mtoto wa chifu. Babake alikuwa ameripoti kwa maofisa wa serikali kwamba mwanawe ametoweka. Kijana huyo alisoma katika shule bora, akaingia chuo kinachoingiwa na wachache, akasomea taaluma ya haki, kisha akaenda kuwaua wanafunzi. Elimu aliyopata haikumzuia. Cheti pekee hakimfanyi mtu awe na huruma, na tumejidanganya muda mrefu sana kwa kudhani kwamba kila darasa tunalojenga linapunguza chuki.

Hata hivyo sioni kama kisa chake kinavunja hoja yangu. Kinaifafanua. Elimu na huruma ni vitu viwili tofauti, vinaweza kuachana, na anayetaka vikae pamoja ni lazima avishikanishe kwa makusudi. Mahali pa kuvishikanisha ni pale mtoto anapomwona mkubwa asiye wa kabila lake wala dini yake akimjali kila siku kwa muda mrefu. Somo la maadili la dakika 35 haliwezi kufanya kazi hiyo. Wala hotuba ya siku ya amani.

Watu wa eneo hilo wenyewe walilijua hili kabla ya sisi wengine kuanza kulizungumzia. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Wajir ilikuwa vitani. Ukame ulikuwa umemaliza mifugo, dola ya Somalia ilikuwa imeanguka, bunduki zilivuka mpaka, na koo zikawa zinauana. Soko la mji likagawanyika, mwanamke wa ukoo huu akawa hawezi kununua maziwa kwa wa ukoo ule. Wanawake wachache, miongoni mwao Dekha Ibrahim Abdi, wakaanza kwa kuzungumza kwenye harusi moja, kisha wakaingia sokoni. Hawakuhubiri. Walikubaliana kwamba hakuna atakayezuiwa kuuza au kununua kwa sababu ya ukoo wake, wakaweka wanawake wa kulisimamia hilo siku kwa siku, kibanda kwa kibanda, na kamati ya kusuluhisha kila ugomvi kabla haujawafikia wanaume wenye silaha. Kutoka hapo wakawafuata wazee wa koo, na mwaka 1993 likatiwa saini Azimio la Al Fatah. Baadaye juhudi zao zilizaa Kamati ya Amani na Maendeleo ya Wajir, na mfano huo ukaigwa katika wilaya nyingine. Dekha alipewa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007. Alifariki Julai 2011 baada ya ajali ya barabarani.

Nawaleta wanawake wa Wajir hapa kwa sababu watu wengi husikia neno huruma wakafikiria machozi. Ya kwao ilikuwa na zamu, orodha ya majina, na mtu wa kuitwa ugomvi ukitokea kwenye kibanda cha mboga saa tatu asubuhi. Walijua kwamba wema usio na utaratibu hauvumilii hata wiki mbili za vita. Huruma ya shuleni nayo inahitaji zamu na majina. Inahitaji mwalimu aliyeandikwa kazi, nyumba ya kumlaza, na askari wa kumlinda njiani.

Hapa ndipo taifa linapotakiwa kujitazama. Kaskazini haikuachwa nyuma na Al-Shabaab. Wakoloni waliifunga kama Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, mtu akawa haingii wala hatoki bila kibali. Baada ya uhuru vikaja vita vya Shifta, na Waraka wa Bunge Nambari 10 wa 1965 ukaelekeza fedha za maendeleo katika maeneo yaliyoonekana kuwa na mazao mengi na mvua ya kutosha. Februari 1984 wanaume wa Wajir walikusanywa na vyombo vya usalama kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, na wengi hawakurudi. Na Aprili 2014, katika operesheni ya Usalama Watch, maelfu ya watu, wengi wao Wasomali wakiwemo raia wa Kenya, walikamatwa Eastleigh, na baadhi yao wakazuiliwa katika uwanja wa michezo wa Kasarani. Miezi ishirini baadaye, watu wa jamii hiyohiyo walivua hijabu zao kuwafunika abiria wa bara. Sijui deni jingine la Kenya lililo kubwa kuliko hilo.

Na si Kaskazini Mashariki peke yake. Hapa Pwani, katika wadi ya Basuba kaunti ya Lamu, watoto wa jamii ya Waaweer wanaoishi kando ya msitu wa Boni walishuhudia shule zao zikifungwa kwa sababu ya mashambulizi na operesheni za kijeshi. Milimani, Basuba, Mangai, Mararani, Kiangwe: ni majina ambayo wasomaji wengi hawajayasikia. Baadhi ya watoto walipelekwa shule ya bweni ya Mokowe Arid Zone, mbali na wazazi wao. Mtoto wa darasa la tatu alilazwa bwenini mbali na mamake kwa sababu hapakuwa na mwalimu aliyeweza kwenda kwao. Jambo hili lingetokea Nairobi au Mombasa mjini, lingekuwa habari ya ukurasa wa kwanza mpaka litatuliwe.

Sasa yapo mapendekezo mawili ambayo huletwa kila mara. La kwanza ni kuwafundisha vijana wenyeji ualimu kwa wingi, hata kwa kulegeza alama za kujiunga na vyuo, ili kaunti hizo zijitegemee. Naliunga mkono. Mwalimu mwenyeji hatoroki mashambulizi yakitokea, anaijua lugha ya mtoto, na msichana wa Mandera anayemwona mwanamke wa Mandera mbele ya ubao anaiona kesho yake. Lakini tukiishia hapo, tutakuwa tumewapa watoto hesabu na kuwanyima yule mgeni.

La pili ni kuwarudisha walimu wa bara kwa amri. Hilo nalipinga. Mwaka 2018 TSC ilianza kwa nguvu kuwahamisha walimu nje ya maeneo ya kwao, kwa jina la utangamano wa kitaifa. Lengo lilikuwa zuri, ila lilitekelezwa bila kujali watu. Mume akapelekwa huku, mke kule, walimu wenye ndoa na watoto wadogo wakatupwa mbali wasikotarajia, na mwaka 2022 wabunge wakaitaka TSC iachane na sera hiyo. Huwezi kumfundisha mtoto huruma kupitia mwalimu ambaye mwajiri wake hakumwonea huruma.

Njia ninayoiona mimi ni ya hiari na ina gharama. Mwalimu kijana aliyehitimu na kukaa bila kazi kwa miaka, na wako maelfu, aulizwe kama yuko tayari kwenda kaskazini kwa kipindi maalumu, labda miaka mitatu, akiwa na ajira ya kudumu na pensheni tangu siku ya kwanza. Posho ya mazingira magumu iwe ya kumwezesha kusafiri kwa ndege badala ya basi, maana barabara ndiyo iliyowaua wengi. Nyumba iwe ndani ya ua wa shule, yenye ulinzi unaokubaliwa na wazee wa eneo hilo, kwa sababu mgeni anayelindwa na wenyeji huishi salama kuliko anayelindwa na askari wasiowajua majirani zake. Akimaliza muda wake aruhusiwe kuchagua kituo kinachofuata. Aliyekubali kwenda atafundisha kwa moyo.

Na nataka safari hii iwe ya pande mbili, jambo ambalo sijalisikia likisemwa vya kutosha. Walimu wa Garissa na Mandera waletwe Murang'a, Kericho, Kakamega na Makueni. Mtoto wa Kiambu naye anamjua Msomali kwa habari za mashambulizi tu, na dukani anapomwona mtu mwenye kanzu anashikwa na wasiwasi aliofundishwa na watu wazima. Mpe mwalimu wa fizikia kutoka Wajir, aliye mkali kidogo, anayerudia kanuni ya Ohm mpaka darasa zima lielewe, anayetoka nje dakika kumi saa saba mchana kwenda kuswali kisha akarudi na kuendelea pale alipoachia. Baada ya mihula minne mtoto huyo hatahitaji kuambiwa na mtu yeyote kwamba Wasomali ni Wakenya.

Katiba ya 2010, ibara ya 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Haijatenga kaunti. Serikali za kaunti zimejenga madarasa, nyingine zimejitahidi kwelikweli, lakini kuajiri walimu wa shule za msingi na za upili ni kazi ya TSC, na fedha zake hupitishwa na Bunge la Taifa. Kwa hiyo swali hili lina anwani. Wabunge wa maeneo mengine, wasio na shule hata moja iliyofungwa kwa sababu ya Al-Shabaab, ndio walio wengi, na kura zao ndizo zitakazoamua. Makadirio ya bajeti hufika kwenye kamati za bunge wiki kadhaa kabla ya hotuba ya Juni, na wananchi huitwa kutoa maoni. Mwandikie mbunge wako kabla kamati hazijamaliza kazi, umuulize ametenga nini kwa ajili ya walimu wa Mandera, Wajir, Garissa na Basuba.